Cheti cha umeme safi kinauza nini? Maelezo kutoka Ndosho, Goma

Mwaka 2020, kampuni ya Nuru ilipowasha mtambo wake wa umeme wa jua wenye nguvu ya megawati 1.3 huko Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, mtambo huo ulianza kuzalisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza kila mtu alikiona, nacho ni umeme ulioingia madukani na majumbani. Cha pili hakikuonekana, kwa sababu kilikuwa maandishi katika daftari la kielektroniki lililo mbali sana na Ziwa Kivu. Maandishi hayo yaliuzwa kwa kampuni ya Microsoft ya Marekani, na fedha zilizopatikana zikagharimia taa za barabarani katika kartie hiyo hiyo ya Ndosho. Aliyezoea kurudi nyumbani usiku akimulika mawe ya volkano kwa simu, mkoba ameukumbatia kifuani, hahitaji kuelezwa faida ya taa ya barabarani. Hata hivyo swali lililofuata lilikuwa la haki, na bado linaulizwa: Microsoft haina waya hata mmoja unaofika Ndosho, sasa ilinunua nini?

Ilinunua vyeti vya nishati jadidifu, yaani nishati ya vyanzo visivyokwisha kama jua, maji na upepo. Ni jambo linalotatanisha hata watu waliosoma, kwa kuwa linatutaka tutenganishe vitu viwili ambavyo akili imezoea kuviona kama kimoja: umeme wenyewe, na haki ya kusema kwamba umeme huo ni safi.

Tuanze na maziwa. Wafugaji wa Masisi wanapopeleka maziwa mahali panapotengenezwa jibini, ile tunayoiita fromaji, maziwa ya kila mmoja humiminwa katika chombo kimoja. Yakishachanganyika, hakuna awezaye kuchota kikombe na kuapa kwamba haya ni ya ng'ombe wa fulani. Sasa tuchukulie kwamba mteja mmoja mjini yuko tayari kuongeza bei ili kumsaidia mfugaji ambaye malisho yake hayakupatikana kwa kukata msitu. Hawezi kuyapata maziwa ya mfugaji huyo peke yake, kwa kuwa chombo ni kimoja. Linalowezekana ni kuandika daftarini kwamba mfugaji huyu alileta lita kadhaa za namna hiyo, kumpa kadi moja kwa kila lita, na kumruhusu amuuzie mteja yule kadi hizo. Mteja atakunywa maziwa ya chombo kama watu wote, ila yeye peke yake ndiye atakayekuwa na haki ya kusema kwamba lita zile za malisho safi zimelipiwa naye. Na mfugaji, akishauza kadi, hana tena haki ya kujisifu kwa mtu mwingine kwa lita zile zile.

Umeme wa gridi, yaani mtandao wa pamoja wa nyaya, una tabia ya chombo hicho. Ukiingia kwenye nyaya, uwe umetoka kwenye maporomoko ya maji, kwenye jua, kwenye gesi au kwenye makaa ya mawe, huchanganyika, na taa ya mezani haina njia ya kujua imewashwa na chanzo kipi. Kwa hiyo usafi wa umeme hufuatiliwa kwa daftari. Kila megawati-saa 1, yaani kilowati-saa 1,000, inayozalishwa kwa nishati jadidifu hupewa cheti kimoja. Ili kupata picha ya kiasi hicho, nyumba inayotumia kilowati-saa 80 kwa mwezi itahitaji mwaka mzima na nusu mwezi kukimaliza. Cheti huandikwa jina la mtambo, mahali ulipo, aina ya nishati, kipindi ambacho umeme ulizalishwa, na nambari ambayo cheti kingine hakiwezi kuwa nayo. Mita ndiyo shahidi: kinachopimwa ndicho kinachoandikwa, na mhakiki asiye na maslahi katika mauzo hukagua kabla cheti hakijatolewa. Baada ya hapo kinaweza kupita mikononi mwa madalali kadhaa, hadi kimfikie mtu anayetaka kukitumia kwa madai yake. Siku hiyo hufutwa daftarini kwa jina la mtumiaji, na hakiuziki tena. Kufutwa huko ndiko moyo wa mfumo mzima. Cheti ambacho hakijafutwa ni bidhaa iliyo dukani tu, na kampuni inayojivunia vyeti bila kuonyesha kwamba imevifuta haijathibitisha lolote.

Mifumo hii ina majina tofauti kulingana na mahali. Marekani ina vyeti vyake. Nchi za Ulaya zina hati zinazoitwa dhamana za asili, zilizoanzishwa kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001. Na kwa nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, Kongo yetu ikiwemo, mfumo unaotumika zaidi ni ule uitwao I-REC, ambao kanuni zake hutunzwa na taasisi yenye makao Uholanzi. Visichanganywe na hati za kaboni, ambazo hupimwa kwa tani za hewa chafu zilizozuiwa na si kwa umeme uliozalishwa. Mradi wa majiko banifu unaopunguza makala yanayotoka kwenye misitu ya Virunga unaweza kupata hati za kaboni. Hauwezi kupata cheti cha umeme, kwa sababu haujazalisha umeme wowote.

Nani hununua, na kwa nini? Wako wanaolazimishwa na wako wanaopenda wenyewe. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, sheria humtaka msambazaji wa umeme athibitishe kila mwaka kwamba sehemu fulani ya umeme anaouza ni jadidifu, na vyeti ndivyo uthibitisho wake. Texas ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1999, ikitaka ziongezwe megawati 2,000 za mitambo mipya kufikia mwaka 2009, na lengo hilo lilifikiwa kabla ya muda wake. Hapo cheti kilifanya kazi iliyokusudiwa. Mjenzi wa mitambo ya upepo alijua mapema kwamba wanunuzi wapo kwa amri ya sheria, benki ilijua hivyo pia, na mapato ya vyeti yakaingia katika hesabu iliyoamua kama mtambo ujengwe au usijengwe. Ni haki kuongeza kwamba cheti hakikutenda peke yake, kwa kuwa serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikipunguza kodi kwa umeme wa upepo, na Texas yenyewe ina upepo mwingi.

Wanunuzi wa hiari ni kampuni zinazotaka kupunguza hewa chafu inayoandikwa katika taarifa zao. Tangu mwaka 2014 kuna umoja wa kampuni uitwao RE100, ambao wanachama wake huahidi kufikia asilimia 100 ya umeme jadidifu, na mwaka 2015 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu hewa chafu inayotokana na umeme ulionunuliwa. Mwongozo huo unataka hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya mahali: unachukua umeme ulioutumia na kuuliza gridi ya eneo lako inatoa hewa chafu kiasi gani kwa wastani. Ya pili ni hesabu ya soko: unaruhusiwa kuweka mbele mikataba na vyeti ulivyonunua. Kampuni inaweza kuwa na hewa chafu nyingi katika hesabu ya kwanza na sifuri katika ya pili, bila kudanganya hata kidogo kwa mujibu wa kanuni. Tofauti hiyo ndiyo mlango ambao sifa zisizostahili hupitia. Mwaka 2022 uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Nature Climate Change ulichunguza kampuni 115 zilizojiwekea malengo ya tabianchi. Kwa hesabu zilizohusisha vyeti, hewa chafu inayotokana na umeme wao ilionekana kupungua kwa karibu asilimia 31 kati ya mwaka 2015 na 2019. Kwa hesabu ya mahali, upungufu ulikuwa karibu asilimia 10 tu.

Jambo hili linastahili kutafakariwa, kwa sababu ndipo tunapoona cheti kinasaidia lini na hakisaidii lini. Fikiria bwawa la Norwe lililojengwa miongo mingi iliyopita na ambalo lilikwisha kulipa gharama zake. Maji yake yataendelea kuzungusha mitambo, mtu anunue vyeti asinunue. Kampuni ya Ujerumani ikinunua vyeti vya bwawa hilo kwa bei ndogo, daftari linabadilika, lakini hakuna hata lita moja ya maji iliyoongezeka kupita katika mitambo, wala hakuna mtambo mmoja wa makaa ya mawe uliozimwa kwa sababu hiyo. Kuna nyakati ambapo daftari lenyewe huleta mashaka. Iceland huzalisha karibu umeme wake wote kwa maji na kwa joto la ardhini, na imeuza vyeti vingi nje; mwaka 2023 chama cha taasisi za Ulaya zinazotoa vyeti hivyo kilisimamisha uuzaji wa Iceland nje ya nchi, kwa wasiwasi kwamba umeme ule ule ulikuwa ukidaiwa mara mbili, mara moja na mnunuzi wa cheti aliye mbali na mara ya pili na viwanda vilivyo ndani ya kisiwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya cheti chochote ni hili: bila fedha hizi, kilowati-saa hii ingekuwapo? Jibu likiwa ndiyo, mnunuzi amenunua maneno. Likiwa hapana, amenunua umeme mpya, hata kama yeye mwenyewe hatautumia kamwe.

Sasa turudi Kongo, ambako swali hilo lina sura yake. Umeme wa gridi ya nchi yetu karibu wote unatokana na maji. Kwenye Mto Kongo, kituo cha Inga ya kwanza kilianza kazi mwaka 1972 na cha Inga ya pili mwaka 1982. Laini ndefu ya Inga, ya takriban kilomita 1,700 inapeleka umeme Kolwezi, kwenye migodi. Bukavu inategemea Ruzizi, ambayo kituo chake cha kwanza ni cha mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili, cha mwaka 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi. Kwa kipimo cha hewa chafu kwa kila kilowati-saa, gridi yetu ni miongoni mwa zilizo safi zaidi duniani. Tatizo letu liko kwingine kabisa: ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano nchini anayepata umeme, na hata aliyeunganishwa huishi kwa zamu za kukatiwa, ile delestaji tunayoijua sote. Pengo hilo hujazwa na grupu zinazonguruma nyuma ya kila hoteli, kila kliniki na kila duka kubwa, zikila mazutu yaliyosafirishwa kwa malori kutoka pwani ya mashariki.

Hapo inaonekana kwa nini vyeti vya Inga au vya Ruzizi ya kwanza, kama vingetolewa kwa wingi, vingekuwa vyeti dhaifu. Kobalti ya Lualaba inaingia katika betri za magari, na kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inadai kwamba hewa chafu iliyotokana na kutengeneza betri hizo itangazwe. Ni rahisi kuona jinsi mgodi unavyoweza kushawishika kununua vyeti vya bwawa la zamani na kuandika kwamba madini yake yamechimbwa kwa umeme safi, huku kartie za Lubumbashi zikiendelea kukaa gizani siku kadhaa kwa wiki na waya ule ule ukipita juu yake. Dai hilo lingekuwa sahihi kwa kanuni za daftari, na lisingemwashia taa mtu yeyote. Nadhani ni vyema tuliseme wazi mapema, kabla soko hilo halijakua.

Mtambo wa Ndosho ni habari nyingine. Ulijengwa baada ya sheria ya tarehe 17 Juni 2014 kuwafungulia watu binafsi sekta ya umeme, sheria ile ile iliyofuatwa, mwaka 2015, na kituo cha umeme wa maji cha Matebe huko Rutshuru ambacho nacho kinalisha Goma. Hakuna aliyelazimika kujenga mtambo wa jua katika mji ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, katika mkoa ambao benki huuogopa kwa sababu ya vita vya miaka mingi. Mwekezaji anayekuja hapa hukopeshwa kwa riba kubwa kuliko angekopeshwa kwingine kwa mtambo ule ule, na wateja wake ni watu wanaonunua umeme kidogo kidogo. Katika hali hiyo fedha ya ziada, hata ikiwa ndogo, inaweza kuwa ndiyo inayoamua.

Ni kwa sababu hiyo shirika la Energy Peace Partners lilibuni alama inayoitwa P-REC, yaani cheti cha nishati jadidifu cha amani. Kimsingi ni cheti cha kawaida cha I-REC, chenye nyongeza ya uthibitisho kwamba mtambo uko katika nchi dhaifu iliyoathiriwa na migogoro, na kwamba unawanufaisha watu waliouzunguka. Mnunuzi hulipa zaidi ya bei ya kawaida ya soko kwa ajili ya nyongeza hiyo. Mauzo ya kwanza yalikuwa yale ya Nuru kwa Microsoft.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu, ili ukubwa wa jambo usitiwe chumvi. Tukichukulia kwamba paneli za megawati 1.3 hufanya kazi sawa na saa 4 za nguvu kamili kwa siku, zitazalisha megawati-saa 5.2 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni karibu 1,900. Hivyo ni vyeti 1,900. Kila kimoja kikiuzwa kwa dola 1, mapato ya mwaka mzima ni dola 1,900, ambazo haziwezi hata kubadilisha betri za mtambo. Kikiuzwa kwa dola 10, ni dola 19,000, na hapo inawezekana kusimamisha nguzo, kununua taa na kumlipa fundi wa kuzitunza. Mtambo mzima hauwezi kujengwa kwa fedha hizo. Cheti katika mahali kama Goma hugharimia kile ambacho mauzo ya umeme hayawezi kugharimia: taa ya barabarani isiyo na mteja wa kulipa faktire, au waya wa kufika kwenye kituo cha afya kilicho pembeni ya mtandao. Anayetangaza kwamba vyeti vitaipa Kongo umeme anazidisha. Anayesema kwamba havina maana hajasimama Ndosho usiku.

Bado kuna mambo mawili yanayonisumbua, na sitaki kuyapita. La kwanza ni la soko. Mwongozo wa mwaka 2015 unataka cheti kitoke katika soko lile lile ambamo umeme ulitumika. Kampuni ambayo umeme wake unatumika Marekani haiwezi, kwa kufuata kanuni hiyo barabara, kuchukua jua la Goma na kufutia nalo makaa ya mawe ya gridi ya huko. Mnunuzi mwaminifu atautangaza ununuzi wake kama mchango kwa mji wa Goma, na ataendelea kutafuta umeme safi pale mashine zake zilipo.

La pili ni la haki ya kusema. Saluni ya Ndosho inayokata nywele kwa umeme wa Nuru inatumia jua kweli; kebo imetoka kwenye paneli hadi kwenye mashine, na mtu anaweza kuifuata kwa miguu. Lakini cheti kikishauzwa na kufutwa kwa jina la kampuni ya ng'ambo, basi kwa kanuni kali za daftari mwenye saluni hawezi kuandika mlangoni kwamba anatumia nishati ya jua, kwa kuwa dai hilo limekwisha kuuzwa. Hapa wengi hushtuka, na mimi naona wana haki ya kushtuka. Mwenye saluni hakuulizwa. Leo pengine halimgusi, kwa sababu hakuna mteja wa Goma anayedai kuona cheti. Lakini kiwanda cha kahawa au cha chokoleti cha Kivu, kinachouza Ulaya na kuulizwa hewa chafu ya bidhaa zake, kitaguswa siku moja, na kitajikuta kikihitaji kununua tena usafi wa umeme uliozalishwa mita mia chache kutoka mlangoni pake. Mikataba ya vyeti ingefaa ibakize sehemu kwa ajili ya wateja wa hapa wanaoihitaji, na wateja waelezwe, kwa Kiswahili, kwamba dai la umeme wao linauzwa na fedha zake zinakwenda wapi.

Pia namna ya kulipa ina uzito wake. Cheti hutolewa baada ya umeme kupimwa, maana yake mtambo usipozalisha hakuna cheti, na pasipo cheti hakuna mapato. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya Goma, umeme na maji vilikatika, na tukachota maji ziwani kwa madumu. Wakati kama huo ndipo matengenezo yanapohitaji fedha nyingi zaidi, na ndipo soko la vyeti linapokuwa halina cha kulipia. Mnunuzi anayenunua vyeti vya mwaka mmoja, kwa bei ya siku, humwachia mtambo hatari hiyo yote. Mkataba wa miaka kadhaa, wenye bei iliyopangwa na sehemu inayolipwa kabla ya uzalishaji, humwezesha mwenye mtambo kwenda benki akiwa na karatasi inayokubalika kama dhamana, na kuagiza vipuri kabla havijahitajika. Hivyo ndivyo soko la Texas lilivyowasaidia wajenzi, kwa kuwapa wanunuzi wa kutegemewa kwa miaka mingi, na ni jambo la kwanza ambalo mwenye mtambo wa Goma, wa Bukavu au wa Beni angepaswa kuliomba anapoketi mezani na mnunuzi, kabla hata ya kutaja bei.